Clint Eastwood: steringi aliyeomba apunguziwe maneno, akaishia kuongoza filamu 40

Mzuka wa Magomeni (#1)

Wakuu, salaam.

Sinema mimi nilizijulia kwenye kibanda cha video, Magomeni. Kiingilio shilingi 50, mabenchi ya mbao, na mtafsiri amekaa pembeni ya TV na maiki yake. Siku hiyo wakaweka kauboi. Shida ikaja: steringi haongei. Dakika nzima anatazama tu, kasigara kapo pembeni ya mdomo, upepo unapeperusha vumbi. Mtafsiri wetu uvumilivu ukamshinda: "Hapa anawaambia, nyie watoto wa juzi, leo mtazikwa kwa zamu!" Mdomo wa mzungu wa watu haujatikisika hata kidogo. Kibanda kizima tukaangua kicheko.

Nimekuja kujua ukubwani kuwa ukimya ule aliuomba mwenyewe. Mwaka 1964 Sergio Leone, mwongozaji wa Kiitaliano, alimwita Hispania aigize A Fistful of Dollars kwa dola 15,000. Skripti ilikuwa na maelezo kibao ya huyu mtu katokea wapi na anataka nini. Eastwood akaomba yafyekwe, mtazamaji abaki anajiuliza. Jamani, mwigizaji gani anaomba apunguziwe mistari? Ninaowajua mimi wanagombania waongezewe. Ndiyo maana nikisikia watu wanasema alianza kuongoza 1971 huwa nabisha. Kichwa cha mwongozaji alikuwa nacho tangu pale, kiti tu ndiyo alikuwa hajapewa.

Turudi nyuma kidogo. Kazaliwa San Francisco, tarehe 31 Mei 1930. Akaingizwa jeshini wakati wa vita ya Korea, ila hakufika Korea, kazi yake ikawa kufundisha askari kuogelea kambini Fort Ord, California. Na kuogelea kulimfaa kweli: 1951 ndege ya jeshi aliyopanda iliishiwa mafuta ikatua baharini, akapiga mbizi usiku usiku mpaka ufukweni. Alipotoka jeshini akahamia Los Angeles, akawa anachimba mashimo ya mabwawa ya kuogelea ya matajiri. 1954 studio ya Universal ikampa mkataba wa dola 100 kwa wiki, wakampa vipande vidogo vidogo. Kuna kimoja anaigiza mtu wa maabara aliyepoteza panya, kumbe panya yuko mfukoni kwake. Jina lake halimo hata kwenye orodha ya waigizaji. Mwaka uliofuata wakamtema.

Bahati ikaja 1959, tamthilia ya TV ya wachunga ng'ombe, Rawhide. Akakaa humo mpaka 1965. Huku ndiko alikosomea. Waongozaji walikuwa wanabadilishwa kila mara, anaona huyu anapanga vizuri, yule anapoteza siku nzima kwa jambo la saa moja. Akaomba aongoze japo kipindi kimoja. Wakamkubalia, halafu wakageuka.

Baada ya zile tatu za Leone (ya mwisho, The Good, the Bad and the Ugly, ni ya 1966) karudi kwao na jina. 1967 akaanzisha kampuni yake, Malpaso. Kuna kijito kinaitwa hivyo karibu na Carmel, mji wa California anakoishi, na kwa Kihispania ni kama kusema hatua mbaya. Mshauri wake alishamwonya kwamba kwenda kuigiza kwa Waitaliano ni hatua mbaya. Jamaa anajua kuweka kinyongo kwa ustaarabu.

Halafu 1971, Play Misty for Me. Hadithi ya mtangazaji wa redio anayeandamwa na msikilizaji wa kike. Universal walimkubalia aongoze, ila malipo ya uongozaji asubiri asilimia yake filamu ikiuza. Akasema sawa. Akapiga picha Carmel kwake, mitaa anayoijua, kwa bajeti isiyofika dola milioni moja. Muuza baa kwenye hiyo filamu ni Don Siegel, mwongozaji aliyekuwa anamfundisha kazi, yuleyule wa Dirty Harry iliyotoka mwaka huohuo. Yaani siku ya mtihani kamleta mwalimu wake asimame kaunta.

Toka hapo hajarudi nyuma. Nitaendelea na Unforgiven, mtoto analia.

Kapelo (#2)

Siti ya mbele. Tiririka mkuu.

Bi Mkubwa wa Ngamiani (#3)

Wanangu, hizo za Leone sisi tumeziona kwenye sinema hasa, Majestic Tanga, siyo kwenye TV ya inchi 14. Foleni mpaka barabarani. Kaka yangu alikuwa anachukua blanketi la mama, analitoboa katikati apitishe kichwa, anakata kijiti cha mwarobaini anakiweka mdomoni, kisha anasimama mlangoni kakunja jicho. Hasemi na mtu. Unamwita aje kula, anakutazama tu. Mama alimchapa kwa lile blanketi, na hata kwenye viboko hakusema neno, ameshakuwa Clint.

Muziki wake ndio uliokuwa unatutoa machozi. Ile miluzi tulipiga mpaka madrasa, maalimu akawa anatafuta nani.

Mzuka wa Magomeni (#4)

Shikamoo bi mkubwa. Hapo kwenye mwarobaini nimecheka peke yangu kama mwehu. Miluzi ile ni ya Ennio Morricone, na nadhani Eastwood aliondoka na hilo pia, maana baadaye alikuja kuandika mwenyewe muziki wa filamu zake kadhaa. Anapiga piano tangu kijana.

Sasa Unforgiven. Hapa naomba nikae kidogo.

Skripti aliiandika David Webb Peoples. Eastwood akainunua miaka ya 1980, akaiweka kabatini, kwa sababu mhusika ni mzee na yeye alijiona bado hajazeeka vya kutosha. Wakuu, hii Hollywood, mji wa watu wanaoficha miaka yao. Yeye kaketi na dhahabu ndani ya droo anasubiri apate makunyanzi. Akaipiga 1991 kule Alberta, Canada, ikatoka 1992.

Tazameni anavyoanza. William Munny, muuaji aliyetisha zamani, yuko zizini anakimbizana na nguruwe wagonjwa. Anaangukia uso kwenye matope. Anajaribu kulenga kopo kwa bastola, anakosa, anakosa tena, anaingia ndani kutoa bunduki kubwa. Anapanda farasi, farasi anamzungusha, anadondoka mbele ya watoto wake. Hiyo ni steringi yuleyule wa Leone aliyekuwa anaangusha watu wanne kabla hujapepesa jicho. Na anayemwangusha matopeni ni yeye mwenyewe, ndiye mwongozaji.

Halafu kuna kipande cha chini ya mti. Kijana mmoja, Schofield Kid, alikuwa anajisifu ameua watu watano. Kumbe hajaua hata mmoja, na macho yake hayaoni mbali. Sasa ameua kweli, mtu akiwa chooni. Amekaa chini ya mti, chupa mkononi, anatetemeka, anaongea huku analia. Munny amesimama anatazama mbali, kule anakotoka mwanamke juu ya farasi analeta pesa zao. Eastwood hamharakishi yule farasi. Nukta nyeusi, inakua, inakua, na kijana bado analia. Muongozaji mwingine angekata akaonyesha pesa zimefika. Yeye anakulazimisha usubiri malipo pamoja na yule mtoto.

Ikachukua Oscar nne: filamu bora, mwongozaji bora, mwigizaji msaidizi Gene Hackman, na uhariri wa Joel Cox. Mwishoni imeandikwa kuwa imetolewa kwa Sergio na Don. Wote wawili walikuwa wameshafariki.

Fundi Taa (#5)

Mkuu uzi mzuri, ila mashabiki wa Eastwood mna sehemu mnairuka. Huyu mzee sifa yake kubwa ni haraka. Teki moja, mbili, yaani kipande kinapigwa mara moja au mbili tu, twende. Million Dollar Baby kaipiga siku 37. Matt Damon amesimulia mwenyewe alivyoomba teki nyingine akaulizwa kama anataka kupotezea watu muda.

Mimi nimeshika taa kwenye filamu za hapa Bongo miaka kumi na kitu. Siku saba filamu imekwisha, nyumba moja ya kuazima, steringi anabadilishia nguo kwenye gari. Teki moja kwa sababu jua linazama na mwenye nyumba anataka watu watoke. Mbona sisi tukifanya haraka tunaitwa walipuaji, yeye anaitwa bingwa? Na American Sniper mnasemaje? Ile ya 2014, imeingiza zaidi ya dola milioni 500, lakini mtoto mchanga aliyebebwa mle ndani ni mdoli wa plastiki! Baba mtu anamsukuma mkono kwa kidole gumba ili aonekane anacheza. Ingekuwa ni ya kwetu mngetucheka mwaka mzima.

Kapelo (#6)

Huyo mdoli nilimwona 😂😂 nikarudisha nyuma mara tatu.

Mzuka wa Magomeni (#7)

Fundi, mdoli sina utetezi. Na nakuongezea: 2018 kwenye The 15:17 to Paris aliwachukua vijana watatu Wamarekani waliomdhibiti mshambuliaji kwenye treni mwaka 2015, akawaambia waigize maisha yao wenyewe. Ni wanaume wa shoka, ila kuigiza hawajui, na teki mbili hazikuwasaidia. Wakosoaji waliisaga ile filamu.

Lakini swali lako la haraka lina jibu, na nadhani utalipenda. Eastwood hafanyi kazi na watu wapya kila filamu. Joel Cox amekuwa akimhariria tangu miaka ya 1970. Henry Bumstead, mjenzi wa mandhari aliyewahi kufanya kazi na mwongozaji Hitchcock, aliingia 1973 kwenye High Plains Drifter, akajenga ule mji wote wa Unforgiven, na aliendelea kumfanyia kazi karibu mpaka anafariki 2006 akiwa na miaka 91. Watu wa namna hiyo hawaelekezwi kwa saa nzima. Anakuna kidevu tu, wameshaelewa.

Na sasa sikia hii. Tom Stern, aliyempigia picha Mystic River, Million Dollar Baby na nyingine nyingi, alianza kwa Eastwood akiwa mtu wa taa. Mkuu wa taa, miaka ya 1980 hiyo. Akakaa kwenye taa karibu miaka 20, ndipo mwaka 2002 Eastwood akampa kamera, Blood Work. Baadaye akateuliwa Oscar kwa Changeling. Kwa hiyo teki moja ya Eastwood nyuma yake kuna mtu ambaye ameshamwangazia uso kwa miongo miwili na anajua kivuli cha kofia kitaangukia wapi. Haraka ya kwenu ni ya mwenye nyumba anataka watu watoke. Majina yanafanana tu.

Jambo lingine, kwenye lokesheni yake hakuna kelele. Neno "akshen" hapigi yowe. Alilizoea hilo Rawhide, maana ukipiga kelele farasi wanashtuka, na mwigizaji naye ni vilevile, ukimpigia yowe anakaza mwili. Yeye anasema taratibu haya, tuanze. Mafundi wanaongea kwa vipaza sauti vya masikioni, wazo alilolitoa kwa walinzi wa rais wa Marekani baada ya kuwaona Ikulu wanavyowasiliana bila kupayuka.

Fundi Taa (#8)

Hiyo ya Tom Stern nilikuwa siijui. Miaka 20 kwenye taa. Mimi nina 13, nabakiza saba nipewe kamera basi. 😅

Yowe ni kweli lakini. Kuna mwongozaji nilifanya naye kazi, jina naliacha, alikuwa anapiga "akshen" kama anaita daladala. Mama mmoja anaigiza msiba, machozi yameshafika kwenye kope, jamaa akapiga ukelele, machozi yakarudi ndani. Tukakaa dakika 40 tunayasubiri.

Mwana wa Kigoma (#9)

Nilikuwa napita tu ila imebidi nitie neno, maana hamjaitaja ambayo inatuhusu. White Hunter Black Heart, 1990.

Mnaijua The African Queen ya 1951? Hadithi yake iko kwetu, Afrika ya Mashariki ya Wajerumani, mwaka 1914, na ile meli ya Wajerumani inayotafutwa ziwani imetokana na mkasa wa kweli wa Ziwa Tanganyika. Meli halisi iliyokuwa inatamba ziwani, Graf von Götzen, Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua 1924, na baadaye wakaipa jina Liemba. Ndiyo hiyohiyo MV Liemba iliyowabeba babu zetu na magunia yao ya dagaa.

Sasa mwongozaji wa The African Queen, John Huston, alikuja kupiga picha Congo na Uganda, ila inasemekana akili yake ilikuwa kwa tembo kuliko kwenye filamu. Mwandishi aliyekuwa naye, Peter Viertel, akaandika riwaya juu ya jambo hilo, na Eastwood akaitengenezea filamu, akaipiga Zimbabwe upande wa Kariba. Anaigiza mwongozaji anayewaacha waigizaji na mafundi wamekaa wanapigwa jua, yeye yuko porini anataka kuua tembo. Ana mtu anayemwongoza, anaitwa Kivu, anamheshimu kuliko wazungu wenzake wote. Siku ya siku wanamkuta tembo, mzungu anashindwa kufyatua, na anayekufa ni Kivu.

Mwisho ndio ulionikaa. Anarudi kijijini, ngoma zinalia kupeleka habari, anakwenda kukaa kwenye kiti chake cha uongozaji. Watu wote wako tayari wanamsubiri yeye. Na neno la mwisho la filamu, analitoa kwa sauti iliyokufa, ni hilo hilo mnalozungumzia hapo juu: akshen. Mtu ambaye maisha yake yote hapendi kulisema, kalisema pale, na lina damu ya mtu. Filamu haikuuza kabisa. Mimi naiweka juu ya Unforgiven, mnipige mawe.

Mzuka wa Magomeni (#10)

Mawe sikupigi, ila nimeduwaa. Nimeitazama mara mbili na sikuwahi kuliunganisha hilo neno na tabia yake. Nakubali, hiyo umenifunza wewe.

Mpinga Hoja (#11)

Sifa tu, sifa tu. Huyu si ndiye aliyeongea na kiti kitupu mkutano wa chama cha Republican 2012 akijifanya Obama amekaa? Na mbona hamsemi ya Philip Kaufman? The Outlaw Josey Wales, Kaufman alishaandaa kila kitu, picha zimeanza, Eastwood akamtoa akakaa yeye. Mpaka chama cha waongozaji kikatunga sheria ya kuzuia mchezo huo, na sheria yenyewe watu wanaiita kwa jina lake.

Mzuka wa Magomeni (#12)

Kiti kweli, aliaibika na wengi tuliaibika naye. Ya Kaufman pia kweli, na sioni pa kumtetea. Ilitoka 1976 na ni filamu nzuri sana, jambo ambalo linafanya iwe chungu zaidi, maana huwezi hata kusema aliharibu.

Ila siasa zake zisikuzuie kuona kazi. Mtu huyohuyo wa Republican ndiye aliyetengeneza Bird mwaka 1988, maisha ya Charlie Parker, mpiga saksofoni mweusi ambaye yeye alimwona jukwaani Oakland akiwa kijana. Forest Whitaker, aliyemwigiza Parker, akapata tuzo ya mwigizaji bora tamasha la Cannes. Ndiye huyohuyo tuliyekuja kumwona akiwa Idi Amin, Kampala, miaka 18 baadaye. Invictus ya 2009, Mandela na raga, kaipigia Afrika Kusini kwenyewe. Na 2006 alitengeneza filamu mbili za vita ya Iwo Jima, kisiwa cha Japani, moja kwa upande wa Wamarekani, nyingine kwa upande wa Wajapani, kwa Kijapani, lugha ambayo haiongei.

Hapo kwa Wajapani kuna kisa. Ile A Fistful of Dollars ya Leone ilifuata mno filamu ya Akira Kurosawa, Yojimbo ya 1961, bila kuomba. Wakashtakiana, Wajapani wakalipwa, na Marekani haikuonyeshwa mpaka 1967. Sasa mwaka 2013 Wajapani nao wakaichukua Unforgiven wakaigeuza ya samurai, na steringi ni Ken Watanabe, aliyekuwa jemadari kwenye ile ya Iwo Jima. Safari hii kwa ruhusa.

Bi Mkubwa wa Ngamiani (#13)

Mwanangu, na ile ya bondia wa kike? Mimi nililia mpaka mjukuu akazima TV.

Mzuka wa Magomeni (#14)

Million Dollar Baby, bi mkubwa, 2004. Oscar ya filamu bora na ya mwongozaji tena, Hilary Swank na Morgan Freeman nao wakapata zao. Alikuwa na miaka 74, hakuna aliyewahi kupata ya uongozaji na umri huo. Na siku ya kupokea alimshukuru mama yake aliyekuwa amekaa ukumbini, ana miaka 96. Muziki wa mle ndani kaandika yeye.

Ya karibuni ni Juror #2, 2024, filamu ya 40 kuongoza, yeye ana miaka 94. Kijana amechaguliwa kuwa mzee wa baraza kwenye kesi ya mauaji, akiwa anasikiliza ushahidi anagundua kuwa huenda aliyeua ni yeye, usiku ule aliodhani amegonga paa barabarani. Hakuna bunduki, hakuna kukimbizana. Studio iliitoa Marekani kwenye kumbi zisizofika hata 50. Miaka yote ile ya kuwaingizia pesa, halafu kumbi 50.

Kapelo (#15)

Wakuu mimi sijaona hata moja zaidi ya mdoli. Nianze na ipi? Nakaa na mzee wangu, Kiingereza hakipandi kwake.

Mzuka wa Magomeni (#16)

Kama mzee alikuwa mtu wa kauboi, anza na ile ya tatu ya Leone, kesho yake mwekee Unforgiven. Usiuruke mpangilio. Na usimtafsirie sana.

Kapelo (#17)

Nimerudi wakuu. Ya Leone mzee aliijua kabla haijaanza, akawa ananitajia nani anakufa. Jana tukaweka Unforgiven. Dakika tano nzima hakusema kitu, kisha akanigeukia: "We, mbona steringi wanamwangusha kwenye mavi ya nguruwe? Nani kaitengeneza hii?" Nikamwambia ni yeye mwenyewe. Akakaa kimya. Ilipoisha akaniambia rudisha pale mwanzo, pale anapopanda farasi.